CHUNGU CHA MAUA HUFUATA MSIMU: MIMEA YA SEBULENI KATIKA PWANI YA KISMAYU

Watu wengi wa pwani husimulia kwamba jina la Kismayu limetokana na kisima: kisima cha juu, au kwa matamshi yao, "kisima yuu". Iwe asili ya jina ndiyo hiyo au siyo, masimulizi hayo yatosha kumwonyesha mgeni ni kitu gani kilichothaminiwa zaidi katika mji huo. Bahari iko mlangoni, samaki si haba, upepo haukosekani. Lakini maji matamu hutafutwa.

Mji wa Kismayu uko kusini ya mstari wa ikweta kwa chini ya nusu digrii. Kaskazini mashariki yake, karibu na Gobweni, Mto Juba humwaga maji yake baharini baada ya kupita katika mashamba ya migomba, miembe na ufuta. Kusini yake vimejipanga Visiwa vya Bajuni, miongoni mwao Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, vikifuatana sambamba na pwani kuelekea Ras Kiamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Hapo ndipo penye asili ya Wabajuni, wavuvi na mabaharia mashuhuri, ambao lugha yao ni tawi la Kiswahili. Msafiri aliyetoka Lamu au Pate hahitaji mkalimani ili kuomba maji ya kunywa.

Familia nyingi za askari wa Afrika Mashariki zililijua jina la Kismayu kwa habari za vita. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011, na mji ukatoka mikononi mwa al-Shabaab mwishoni mwa Septemba 2012. Lakini pwani hiyo ilikuwa na majumba, visima na mabaraza karne nyingi kabla ya mizinga kusikika. Panapo nyumba pana sebule, na panapo sebule mwenye nyumba hupenda kuona jani bichi. Swali ni moja: katika nchi yenye maji machache, yafaa kupanda nini ndani ya nyumba, na kuutunza mmea huo namna gani?

MAJI KWANZA, UREMBO BAADAYE

Kismayu hupata mvua ya kadiri ya milimita 400 kwa mwaka. Mombasa hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Sehemu kubwa ya mvua ya Kismayu hunyesha kuanzia Aprili hadi Julai, na miezi ya Januari na Februari hupita mikavu kabisa. Visiwani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ardhi ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu. Mvua ikinyesha, maji hupenya mara moja na kutulia chini kama utando mwembamba wa maji matamu juu ya maji ya bahari. Kisima kikitekwa kupita kiasi, utando ule hupungua na chumvi hupanda. Bandu bandu huisha gogo; na ndoo kwa ndoo huharibika kisima.

Kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kufanya hesabu kabla ya kununua chungu cha kwanza. Mashirika ya misaada huweka lita 15 kwa siku kuwa kiwango cha chini cha maji ya mtu mmoja wakati wa dhiki. Nyumba ya watu sita, basi, yahitaji lita 90. Mrehani mmoja uliostawi, ukiwekwa dirishani wakati wa kiangazi, huweza kunywa robo lita kila siku. Mirehani kumi hunywa lita mbili na nusu, na maji hayo aghalabu huletwa juu ya kichwa cha mama au cha binti. Mmea wenye majani manene, uliomo katika chungu cha ukubwa ule ule, hutosheka kwa nusu lita katika siku kumi. Mtu aliyekwisha kuiona hesabu hiyo hatashangaa kwa nini urembo wa nyumba za pwani hiyo haufai kuigwa kutoka katika picha za nchi za mvua.

Hata hivyo, yako maji ambayo hutumika mara mbili bila hasara. Maji yaliyooshea mchele kabla ya kutiwa chumvi ni mazuri kwa mimea. Maji ya udhu, yakikingwa katika beseni na yasiwe na sabuni, ni mazuri pia. Nyumba inayosali sala tano haikosi maji ya kunyweshea vyungu viwili au vitatu.

MIMEA ILIYOZOEA KIU

Wako watu wanaotamani ua la Usambara, lile lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya kutoka milima ya Tanga mwaka 1892 na ambalo leo hupamba madirisha ya dunia nzima. Ni ua la sifa kwa Afrika Mashariki. Lakini kwao ni penye kivuli cha msitu na ukungu wa mlima. Katika joto na chumvi ya Kismayu hudhoofika upesi. Yafaa kuchagua mimea ambayo nchi yenyewe imekwisha kuijaribu.

Wa kwanza ni ule unaofanana na mkonge mdogo, wenye majani yaliyosimama kama panga, ambao wataalamu wameuita sansevieria. Somalia na Afrika Mashariki ni miongoni mwa makao makubwa ya jamii yake, na watu wamesokota kamba kwa nyuzi zake tangu zamani. Huvumilia kona yenye mwanga hafifu, husamehe mwenye nyumba aliyesafiri wiki tatu, na kinachouua zaidi ni maji mengi.

Wa pili ni mshubiri, ambao uchungu wake umeingia katika misemo yetu. Huo hupenda mwanga mwingi, na ukikosa jua hurefuka na kulala. Wa tatu ni waridi la jangwani, ambalo shina lake limevimba kama mtungi kwa sababu ndimo linamoweka akiba ya maji. Hupukutisha majani wakati wa ukame, na pengine huchanua maua ya waridi likiwa tupu. Mtu asiyelijua hudhani limekufa, akalimwagia maji hadi likaoza. Kumbe lilikuwa limepumzika tu.

Kisha kuna mimea ya harufu: mrehani na mwasmini. Nyumba ya Mswahili bila ya harufu ya asmini jioni huonekana kama imepungukiwa. Basi usikatazwe, bali uhesabiwe: chungu kimoja cha mrehani na kimoja cha mwasmini, vikiwa karibu na dirisha, huitosha nyumba.

JUA NA UPEPO

Hapa pwani ya Kismayu ina siri yake, na mabaharia waliijua kabla ya watunza maua. Tangu Aprili hadi kiasi cha Septemba huvuma kusi. Tangu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi. Majahazi yaliondoka na kurudi kwa kufuata pepo hizo mbili. Jua nalo lina safari yake: mwezi wa Juni jua la adhuhuri huelemea upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba huelemea kusini. Maana yake ni kwamba jua na upepo hupeana zamu, kila kimoja upande wake. Kusi ikivuma, dirisha la kaskazini ndilo lenye jua, na ndilo lililokingwa. Kaskazi ikivuma, jua limehamia kusini, na dirisha la upande huo limepata kinga.

Basi kanuni ni nyepesi, na askari yeyote aweza kuishika: chungu kiwekwe upande wenye jua, ambao ndio upande ulioupa upepo mgongo, na kihamishwe mara mbili kwa mwaka, pepo zinapogeuka. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kusi hubeba vumbi la maji ya bahari, na chumvi ikitua juu ya jani huliunguza kingo zake. Majani yafutwe kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki katika msimu huo. Mmea usihamishwe ghafla kutoka kona yenye giza hadi kwenye jua kali. Usogezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja.

UDONGO, CHUNGU NA CHUMVI

Mchanga wa ufukweni usitiwe katika chungu kabla ya kuoshwa vizuri kwa maji matamu. Mchanganyiko unaofaa mimea ya majani manene ni sehemu mbili za mchanga mnene uliooshwa, sehemu moja ya udongo wa shamba, na sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza hadi ikapoteza harufu. Chungu kiwe na tundu chini. Mtungi uliopasuka au debe la mafuta ya kupikia hufaa kama chungu cha dukani.

Jambo moja lazima lisemwe kwa mkazo. Makasha ya chuma, maganda ya mizinga na vyombo vyovyote vilivyookotwa porini au katika magofu visifanywe vyungu vya maua, hata vikiwa vya kupendeza. Vita vilivyopita huacha vitu visivyolala. Mtoto asivikaribie, na habari zake zipelekwe kwa wenye dhamana.

Unga mweupe ukionekana juu ya udongo, hiyo ni chumvi ya kisima iliyobaki baada ya maji kukauka. Mvua za Aprili zikianza, vyungu vitolewe nje siku ya manyunyu ili maji ya mbinguni yapite hadi tunduni na kuitoa chumvi yote. Kazi ya nusu siku huponya madhara ya mwaka mzima.

WATOTO NA MBU

Utomvu wa waridi la jangwani ni sumu, na wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika waliupaka mishale. Mmea huo uwekwe juu, mbali na mkono wa mtoto, na anayeukata anawe. Sansevieria nayo ikitafunwa huumiza tumbo. Aidha, kisahani kilicho chini ya chungu kisiache maji yakatuama. Mbu wa homa ya dengi huzaa katika maji machache kama hayo na huuma mchana, wakati watu hawamo ndani ya chandarua.

Hofu ya kwamba mmea huwanyima watu hewa usiku haina msingi, kwa kuwa mtu mmoja aliyelala hutumia hewa nyingi kuliko vyungu kadhaa. Vile vile sifa ya kwamba vyungu vichache husafisha hewa ya chumba imepunguzwa na uchunguzi wa miaka ya karibuni. Dirisha lililofunguliwa hushinda vyungu ishirini. Mmea huwekwa kwa sababu hupendeza, na hiyo ni sababu tosha.

SIKU YA KUHAMA

Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walipanda majahazi na kukimbilia Kenya, wakaishi kambini karibu na Mombasa katika miaka ya 1990, na baadhi yao wakafika mbali zaidi. Nyumba walizoziacha ziliingia upepo. Watu wa jeshi na polisi nao wanajua kuhama, ingawa kwao ni kwa amri na kwa zamu. Mmea mwema kwa watu kama hao ni ule unaokubali kugawanywa. Sansevieria hugawanywa mziziani, kila chipukizi na mzizi wake. Ile yenye ukingo wa manjano ikipandwa kwa kipande cha jani hupoteza ukingo huo. Jirani anayebaki apewe sehemu, na anayeondoka achukue sehemu.

Ila askari anayerudi nyumbani kutoka nchi ya pili asing'oe mmea wa porini akautia mkobani. Takriban jamii zote za mishubiri ya porini zinalindwa kwa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mmea wowote unaovuka mpaka huhitaji kibali, kwa sababu wadudu na maradhi husafiri ndani ya udongo. Nchini Kenya kibali hutolewa na KEPHIS, na Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mmea wa jamii hiyo hiyo waweza kupatikana kwa wauza miche karibu na nyumbani.

Mbele ya nyumba ya pwani, chungu kimoja chenye jani bichi humwambia mpita njia kwamba ndani mna watu, kwamba kisima bado ni kitamu, na kwamba yuko anayekumbuka kukigeuza chungu hicho pepo zinapogeuka.