Jakuzi linalonukia dawa ndilo chafu!

Jamani, nianze kwa kuwaudhi wapenda starehe. Ile harufu kali ya dawa inayowapiga puani mkikaribia jakuzi, mkasema "hapa pasafi", siyo usafi. Ni uchafu uliokutana na dawa. Jasho, mafuta ya kujipaka na mkojo (ndiyo, mkojo, msinitolee macho) vikishikana na klorini vinazaa kloramini, na hiyo ndiyo inayonuka na kuwasha macho. Jakuzi lililotunzwa halinuki hivyo.

Nayajua haya kwa sababu kazi yangu ni kutunza jakuzi la nyumba ya wageni hapa Cheyo, Tabora. Msicheke. Watu wanadhani mji wetu ni maembe, asali na stori za misafara ya pembe za ndovu tu. Siku hizi vijana wakioana wanataka kujinafasi kwenye maji ya moto, muziki unalia pembeni.

Shida ya jakuzi ni udogo wake. Letu linameza lita 1,200 hivi. Wakiingia watu sita, kila mmoja kapata pipa moja la lita 200, tena wanachangia. Maji yenyewe yana nyuzi karibu 40. Joto hilo linamaliza klorini upesi, mapovu yanaifukuza hewani, na jua la Tabora, mnalijua wenyewe.

Dawa haimwagwi kwa kikombe. Miligramu 3 za klorini kwa kila lita zinatosha kuanzia. Kwa maji yetu, ule unga wa asilimia 65 ni karibu kijiko kimoja cha chai. Ila pH nayo ikae kati ya 7.2 na 7.8. Ikipanda zaidi, klorini ipo lakini imelala usingizi. Napima asubuhi, napima kabla wageni hawajaingia, napima wakitoka.

Sasa bosi wangu ni mtu wa bili. Namwelewa, maana Tabora tumekulia kwenye ndoo, enzi za kutegemea bwawa la Igombe, kabla ya maji ya Ziwa Victoria kutufikia. Kumwaga lita 1,200 ni kama kumwaga pesa. Basi siku moja kuna sendi-ofu, maji yana wiki tatu, namwambia tuyatoe.

"We dogo, maji si yanang'aa hayo?"

"Yanang'aa bosi, ila pitisha kidole ukutani."

Akapitisha. Utelezi! Nikamweleza kwamba huo utelezi ni nyumba ya vijidudu, klorini haiingii humo vizuri.

"Ongeza dawa. Wageni saa kumi."

Nikamtajia Pseudomonas, kijidudu kinacholeta vipele vyekundu, hasa pale nguo ya kuogelea ilipobana. Nikamwambia afikirie bi harusi na vipele siku ya ndoa. Akacheka kwamba vipele vinapona, na kweli kwa kawaida vinapona vyenyewe.

Ndipo nikamtolea ya Uholanzi. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, jakuzi liliwekwa kwa kutazamwa tu, halikuwa la kuoga. Mvuke wake ulibeba bakteria aina ya Legionella, wapita njia wakauvuta. Watu wasiopungua 32 walikufa kwa homa ya mapafu.

Bosi akanyamaza. Halafu: "Ukinidanganya, kazi huna."

Nikafungua maji yote yakatoka. Nikasugua kuta, nikaosha chujio, nikajaza upya. Saa kumi wageni hao, na shangazi yake bi harusi akachovya mkono. "Mwanangu, haya maji ya moto mbona baridi?"

Kabla sijajibu, bosi akadakia: "Shangazi, hayo mapya!"

Siku hizi tunafuata hesabu ya wenye fani. Lita 1,200 ni galoni 317 za Kimarekani. Gawa kwa 3, kisha kwa idadi ya waogaji wa siku. Wakiingia 15 kila siku, maji yanabadilishwa baada ya siku 7. Bosi kaibandika mwenyewe pale mapokezi.

Jioni ile maji yalipata moto saa tatu usiku. Nikawapanga wote bafuni kwanza, waoge kwa sabuni mpaka mafuta yaishe mwilini. Msimamizi wa bi harusi akaninunia, eti katoka saluni mchana huo huo.