Jina Ambalo Halikutajwa

Ninataka kuwasimulia jambo lililotokea nyumbani mwangu wakati wa likizo kubwa iliyopita. Ni jambo la aibu kwangu mimi mwalimu, ninayesimama kila asubuhi mbele ya watoto na kuwafundisha matendo ya huruma. Lakini nimeona heri niliseme.

Mtoto wa yaya yangu, msichana wa miaka 18 aliyemaliza shule ya sekondari, alikuja kukaa kwetu. Alileta kompyuta ndogo pamoja na flashi iliyojaa mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Orange Is the New Black, uliokwisha kutiwa sauti za Kifaransa. Ni masimulizi ya gereza la wanawake. Nilitaka kuukataza. Mchezo huo una mambo ya uchi na matusi mengi, wala haufai kuonyeshwa watoto; neno hili ninalisema mapema, mzazi asije akanilaumu. Lakini mke wangu aliniambia: «Baba watoto, msichana huyu si mtoto tena. Heri tutazame pamoja naye, kuliko kumwacha atazame peke yake chumbani.» Nikanyamaza. Basi kila jioni, umeme ulipopatikana, tukakaa watu wanne mbele ya kioo kile: mimi, mke wangu, msichana, na mama yangu mzee ambaye Kifaransa hakijui, lakini hapendi kuachwa nje ya baraza.

Mchezo wenyewe ulianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2013, ukamalizika mwaka 2019, misimu 7 yote pamoja. Ulitokana na kitabu cha Piper Kerman, mwanamke mzungu wa Marekani aliyefungwa miezi 13, na sehemu kubwa ya kifungo chake ilikuwa katika gereza la Danbury. Kosa lake: katika ujana wake alisafirisha fedha za wauza dawa za kulevya. Kitabu hicho kilitoka mwaka 2010. Lakini waandishi wa mchezo hawakubaki na mwanamke huyo tu. Waliwageukia wenzake: weusi, wenye asili ya Amerika ya Kusini, wazee, wagonjwa wa akili, wenye mimba. Katika vipande vingi masimulizi huacha gereza kidogo, hurudi nyuma, na kuonyesha jinsi mmoja wao alivyoishi kabla ya kufungwa. Hapo ndipo penye nguvu ya mchezo huo. Ukiisha kumwona mtu akicheza karibu na mamaye, ni vigumu tena kumwita «mfungwa» na kupita.

Tulipofika msimu wa nne, nyumba yetu ilikuwa imekwisha kuzoeana na wanawake wale. Mama yangu alikuwa amewapa majina yake mwenyewe. Mmoja alimwita Mke wa Vitabu, na huyo alimpenda kuliko wote. Jina lake katika mchezo ni Poussey Washington. Ni jina la mahali katika Ufaransa, naye alipenda kuwaeleza hivyo waliomcheka. Ni msichana mweusi, mwembamba, mwenye sauti nzito na kicheko, mtoto wa afisa wa jeshi, aliyewahi kuishi Ujerumani na kujua lugha ya huko. Gerezani alifanya kazi katika maktaba. Alikuwa amefungwa kwa ajili ya bangi kidogo. Aliyeigiza ni Samira Wiley, ambaye wazazi wake walikuwa wachungaji wa kanisa moja la Washington. Rafiki yake mkubwa katika mchezo, aitwaye Taystee, aliigizwa na Danielle Brooks. Na hao wawili walijuana kweli tangu walipokuwa wanafunzi wa shule ya Juilliard, New York. Labda ndiyo sababu urafiki wao machoni petu haukuonekana kuwa wa kuigiza.

Katika msimu huo gereza limo mikononi mwa kampuni itafutayo faida. Kampuni inaongeza wafungwa bila kuongeza nyumba, maana kila kitanda ni fedha. Inaleta askari waliotoka vitani, nao hawakufundishwa kazi ya gereza. Uonevu unazidi siku kwa siku. Mwisho wake wanawake wanapanda juu ya meza za ukumbi wa kulia, wanasimama kimya, bila silaha, wakidai mkubwa wa askari aondolewe. Askari wanaanza kuwashusha kwa nguvu. Kijana mmoja wao, Bayley, mwenye uso wa mvulana wa shule, anamlaza Poussey chini na kumkandamiza kwa goti mgongoni, huku akipigana na mfungwa mwingine mwenye ugonjwa wa akili. Haangalii chini. Alipoangalia, msichana alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa pumzi.

Nyumbani mwangu hakuna aliyesema neno. Kisha mtoto wa yaya yangu akalia. Hakulia kwa haya kama watu wanavyolia mbele ya senema. Alilia kama mtu aliyefiwa, akakataa chakula cha usiku. Mke wangu alitoka nje akajifanya kutazama nguo kambani. Nami, nakiri, nilijipangusa miwani mara mbili.

Kumbe hatukuwa wa kwanza. Baadaye nilisoma mengi juu ya jinsi watazamaji walivyopokea msimu ule. Vipande vyote 13 vilitolewa siku moja, Ijumaa, tarehe 17 Juni 2016. Zamani michezo ya namna hii ilikuja vipande vichache kila juma. Prisoner wa Australia, mchezo wa gereza la wanawake vilevile, ulikwenda hivyo tangu mwaka 1979 hata 1986, vipande 692, na mtazamaji alipata siku za kupoa moyo. Lakini watu wa mwaka 2016 walikaa usiku na mchana, wakafika kwenye kifo kile kabla ya Jumatatu. Huzuni ikalipuka mara moja, katika nchi nyingi. Wengine walisema hawataendelea kutazama. Mwaka uleule, mwezi wa saba, watazamaji wa Wentworth, mchezo mwingine wa Australia, walimpoteza Bea Smith wao kwa namna ya kuhuzunisha, nao walilia vilevile. Lakini kilio cha Poussey kilikuwa na kitu cha zaidi.

Nacho ni hiki. Tarehe 17 Julai 2014, huko Staten Island katika mji wa New York, mtu mweusi aitwaye Eric Garner alikabwa shingo na polisi. Alisema mara 11 kwamba hawezi kupumua, akafa. Tarehe 9 Agosti mwaka uleule, huko Ferguson, kijana Michael Brown alipigwa risasi na polisi, na maiti yake ikalala njiani karibu saa nne. Wamarekani walipoona katika mchezo mwili wa Poussey umeachwa sakafuni saa kwa saa, bila mtu wa kuuondoa, hawakuhitaji mwalimu wa kuwaeleza.

Basi wakagawanyika. Wengi walishukuru: wakasema mchezo umewalazimisha watu wasiojali kulia juu ya jambo ambalo katika habari za kila siku hulipita. Wengine, hasa weusi, walikasirika. Waliuliza: Je, masimulizi haya yaliandikwa kwa ajili ya nani? Sisi tunaijua tayari huzuni hii. Kwa nini mtuue tena ili jirani zetu wajifunze? Wakauliza pia kama mezani pa waandishi walikuwapo weusi wa kutosha. Tena walichukizwa kuona kwamba kipande kile cha kifo kinasimulia kwa upole maisha ya kijana Bayley, kana kwamba machozi ya kwanza ni haki yake.

Nimewaza sana juu ya ugomvi huo. Jirani yangu mmoja, mzee aliyewahi kuwa askari wa gereza, niliposimulia habari hii alitikisa kichwa akasema: «Mwalimu, kijana asiyefundishwa ukimpa watu wa kulinda, umewaua watu na kijana pamoja.» Kwa hiyo mimi ninaona waandishi hawakukosa kuonyesha kwamba muuaji si shetani. Lakini waliokasirika walikuwa na haki ya kuuliza. Anayeonewa hana deni la kuwapa wengine masomo kwa mwili wake.

Lakini ninakwenda mbali. Turudi nyumbani.

Wakati msichana analia, mama yangu aliuliza kwa Kiswahili: «Nani amekufa?»

Nikamjibu: «Mke wa Vitabu, mama. Askari amemkandamiza akafa.»

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: «Na humo gerezani, nani alikuwa akimpelekea chakula?»

Nikaanza kumweleza kwamba Marekani serikali hulisha wafungwa, hakuna haja ya jamaa kupeleka. Maneno yakanikwama. Maana mama yangu hakuwa akiniuliza habari za Marekani, nami nilijua.

Tulikuwa na mtu wetu gerezani. Mtoto wa mama mdogo, dada yangu kwa desturi yetu, aliyelelewa miaka mitatu katika nyumba ya baba yangu, alikuwa amechukua vitenge kwa mkopo ili auze. Biashara ikaanguka, mali ikaliwa na karo na ugonjwa wa mtoto, mwenye vitenge akamshitaki. Alikuwa mwezi wa tano kifungoni, katika mji huuhuu tunaokaa, mwendo wa dakika 40 kwa miguu. Wote tunajua jinsi mfungwa anavyokula katika nchi yetu: asiye na jamaa wa kumletea hulala na njaa. Mimi sikuwa nimekwenda hata mara moja. Nilijiambia kwamba ni kazi ya ndugu zake wa tumbo moja. Nilijiambia pia kwamba mwalimu akionekana kwenye mlango ule, wazazi watasemaje? Mke wangu alituma unga mara moja kwa mkono wa mtu. Kama ulifika, hatukuuliza.

Kesho yake tulitazama kipande cha mwisho. Wakubwa wa kampuni wanatafuta namna ya kumchafua marehemu. Wanatafuta hata picha yake iliyo mbaya, hawaipati. Mkuu wa gereza, aitwaye Caputo, anatoka mbele ya wenye magazeti, anamtetea askari kijana, wala hamtaji msichana kwa jina. Taystee anasikia. Anakimbia ndani akipiga kelele kwamba hata jina lake hawakulisema, na gereza zima linawaka. Hayo ndiyo maasi yanayojaza msimu wa tano wote.

«Hata jina lake!» mtoto wa yaya yangu akasema kwa hasira, akasimama. «Unaona, baba mdogo? Hata jina lake hakulitaja!»

Sikumjibu. Saa ile tulikuwa karibu na sala ya jioni. Katika sala yetu tunawataja watu: wagonjwa, wasafiri, marehemu wetu, hata mbuzi aliyepotea mtoto wangu mdogo alipata kumtaja. Nikaanza kuhesabu moyoni ni jioni ngapi katika miezi ile mitano tulimtaja dada yangu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Hatukumtaja hata jioni moja. Watoto wangu walikwisha kujua, bila kukatazwa na mtu, kwamba jina lile halisemwi kwetu.

Jioni ile mama yangu alimtaja. Alimtaja kwa jina lake la ubatizo, na la ukoo, na lile la utani la utotoni. Hakuna aliyefungua macho.

Jumapili baada ya Misa mke wangu alipika ugali, sombe na sambaza, akatia katika sufuria yenye kifuniko. Tulichukua pia sabuni na chumvi. Mama yangu alikataa kubaki, akakataa vilevile mimi nibebe sufuria. Tulikwenda polepole, tukisimama kivulini kila mara, na watu wa parokia walitusalimu njiani na kuuliza tunakokwenda. Mara ya kwanza nilisema tunamtembelea mgonjwa. Mama yangu alinitazama. Mara ya pili nikasema ukweli.

Mlangoni askari alifungua daftari akaniuliza jina la mfungwa. Nililisema lote.

Alikuja amekonda, amefunga kitambaa kichwani kwa usafi, kama alivyofanya siku zote. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa miezi mitano. Nilikuwa nimetengeneza majibu mazuri njiani, nikakaa nayo. Aliuliza habari za watoto, kwa majina, mmoja mmoja, bila kumsahau aliyezaliwa yeye akiwa amekwisha kufungwa. Mtoto wa yaya yangu, aliyefuatana nasi, alisimama kando akimtazama, wala safari hii hakulia.

Dada yangu alifunua sufuria, akanusa sombe, akacheka. Kisha akaangalia nyuma kule walikoketi wanawake wengine ukutani, akahesabu kwa macho, akaniambia taratibu:

«Yaya, siku nyingine mlete sufuria kubwa kidogo. Huku ndani tuko tisa.»

«Nimeona,» mama yangu akajibu kabla yangu. Naye alikuwa amekwisha kuvua kanga ya begani, anatandika chini mahali pa kulia.