Yupi Anaanza Kula

Picha niliyomtumia mama kwenye WhatsApp ilikuwa ya mijusi wawili chini ya taa, mmoja amelala juu ya mgongo wa mwenzake. Chini yake niliandika: “Ona wanavyopendana.” Mama akajibu kwa swali moja tu: “Huko Ulaya mnafuga hadi mijusi?”

Hawakuwa wangu. Walikuwa wa mwenzangu ninayepanga naye nyumba hapa Leeds, ambaye alisafiri miezi miwili akaniachia sanduku lao la kioo, boksi la nyenje hai na karatasi ya maelekezo mlangoni mwa friji. Ni wale mijusi wa Australia wenye ndevu, Pogona vitticeps, madume wawili walionunuliwa pamoja wakiwa wachanga. Mimi nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili, na kitu chochote kisichokuwa kompyuta kilinifaa kukitazama.

Aliyenivutia ni mdogo. Kila mara mkubwa alipotikisa kichwa juu na chini, ndevu zikigeuka nyeusi, mdogo aliinua mkono mmoja akauzungusha hewani polepole. Nami nilimpungia. Nilipokuwa nasoma sekondari Mwanza, kwenye mawe nyuma ya nyumba ya mama mkubwa aliishi dume mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu, naye alitikisa kichwa vivyo hivyo, tukasema anatusalimia. Niliposoma kwamba hawa wa Leeds na yule wa Mwanza ni wa familia moja, Agamidae, nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Wiki ya tatu mdogo aliacha kula. Nikawapima kwa mizani ya jikoni: mkubwa gramu 430, mdogo 260. Ncha ya kidole chake kimoja cha mguu haikuwepo, na sikujua tangu lini. Nikampeleka kwa daktari wa wanyama, ndani ya boksi la viatu, kwenye basi, nimelikumbatia kama sufuria la mboga ya moto.

Daktari hakumgusa kwanza. Aliuliza: “Chakula kikija, yupi anaanza kula?”

Nilijua jibu bila kufikiri, na hilo ndilo lililonishtua.

Kutikisa kichwa, alinieleza, ni kusema hapa ni pangu. Kupunga mkono ni kusema nimekubali, usinipige. Na kule kulaliana? Taa ni moja, na mahali penye joto ni pamoja. Anayelala juu ndiye anayepata joto na miale ya UVB, ambayo bila hiyo mwili wa mjusi hautengenezi vitamini D ya kutosha na mifupa inalainika. Wa chini anafunikwa. Nikajitetea: “Lakini hawajawahi kupigana.” Akasema mmoja alishashindwa zamani, sasa wapiganie nini?

Kule Mwanza niliwaona wakifukuzana. Aliyeshindwa alikimbilia jiwe jingine na mambo yakaisha. Ndani ya kioo cha urefu wa mita moja na kidogo hakuna jiwe jingine. Kinachobaki ni kujifanya mdogo.

Niliishi kwa mama mkubwa miaka minne. Hakuna aliyenipiga wala kuninyima chakula, na ada yangu ya shule alilipa mume wake. Lazima niliseme hilo. Lakini nilijifunza kuoga kabla wengine hawajaamka. Nilijifunza kusema nimeshiba wakati sufuria bado lina wali. Madaftari yangu niliyasomea barazani, kwa kuwa sebule ilikuwa ya watoto wa nyumba na televisheni yao. Wageni wakija, mama mkubwa alinisifu: “Huyu mtoto hana shida kabisa, hata hujui kama yumo ndani.” Sifa hiyo ilimfikia mama Sengerema, naye akaitangaza kwa majirani. Mimi mwenyewe nilijivunia.

Nilinunua sanduku la pili, la mtumba, na taa yake. Mwenye mijusi nilimwandikia baadaye. Usiku wa kwanza wote wawili hawakutulia, maana waliendelea kuonana kupitia vioo, mkubwa akitikisa kichwa na mdogo akipunga. Nikakata katoni nikaibandika katikati.

Siku ya nne mama akapiga simu. Mama mkubwa anakusalimia, anauliza utakuja lini. Nikasema Desemba.

“Basi nimwambie akuandalie kile chumba.”

“Hapana, mama. Mwanza nitafikia lodge.”

Akanyamaza. “Sasa mwanangu, mama yako mkubwa atasemaje?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa namtazama mdogo. Alikuwa amepanda juu ya jiwe lake, katikati kabisa ya mwanga, mdomo wazi kama wanavyofanya joto likiwatosha, na mikono yote miwili ilikuwa chini.