Sindano Kabla ya Kabati

Baba aliponunua redio yake ya kabati, ile yenye mashine ya santuri chini ya mfuniko, hakuna aliyeulizia sindano. Tanga ya miaka ya 1970 watu walitazama mbao: zinang'aa? Litapendeza sebuleni? Sauti ilitosha ikimfikia jirani. Sahani ya santuri ikichunika ungenunua nyingine, kwani nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz zilikuwa tele madukani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Zilitengenezwa Nairobi na kuvushwa mpaka.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulipofunguliwa mwaka 1983, kaseti zilikuwa zimekwishashika soko. Kabati la baba likatandikwa kitambaa na kuwekewa maua ya plastiki, na mafuta ya beringi yakagandia humo ndani.

Santuri zenyewe alituachia. Hapo ndipo uchaguzi wangu ulipoachana na wa baba, maana sahani hizi hakuna duka la kuzinunulia tena. Nikitafuta mashine ya mtumba leo, swali langu la kwanza ni itazifanyia nini santuri. Mashine nyingi za bei nafuu za zamani zinakandamiza sindano kwa uzito wa gramu 5 au zaidi, na kila wimbo ukipigwa mifereji inalika. Kichwa cha sindano cha sumaku kinatosheka na gramu 2 hivi. Tofauti hiyo, kwangu, inazidi uzuri wa mbao zote za dunia.

Fundi mmoja mzee wa Kariakoo ndiye aliyenionyesha namna ya kukagua. "Achana na taa hizo, mdogo wangu. Shika mkono." Akageuza uzito wa nyuma taratibu mpaka mkono wa sindano ukaelea wenyewe, haupandi wala haushuki, kisha akaupuliza. Ukasogea bila kukwama popote. Akazungusha sinia kwa kidole, akainamisha sikio kusikiliza kama beringi inasaga. Mwisho akaikagua ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia. Mashine ya kwanza aliikataa papo hapo, ingawa ilikuwa nzuri mno kwa macho.

Ya pili ilitoka Marekani. Wengi huulizia volti tu, wakanunua transfoma wakaridhika. Lakini umeme wa kule ni wa hezi 60, wetu ni wa 50, na mota inayofuata mzunguko wa umeme hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita. Tulipoweka sahani, gitaa likazubaa na Mbaraka akaimba kwa sauti nzito ya babu. Transfoma hairekebishi hilo.

Niliyoichukua ni nyeusi, haina urembo wowote, na mkanda wake ni mpya. Inazipiga vizuri santuri za kasi ya 33 na 45. Zimebaki sahani za bibi, za 78, za taarabu ya enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mifereji yake ni mipana, inataka sindano yenye ncha nene zaidi. Fundi anaitafuta. Kabla haijapatikana, sahani hizo simruhusu mtu kuzipiga, hata shangazi zangu wanaoziomba kila sikukuu.