Kitambaa Cheusi cha Olonga

Mzee wangu bado anajigamba na 2003, vile Kenya ilipiga Zimbabwe ikaingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Mimi stori yangu ya hiyo mwaka ni Henry Olonga.

Babake Mkenya. 1995 akawa mweusi wa kwanza kuchezea Zimbabwe, mchezo uliokuwa wa wazungu miaka mingi. Halafu Februari 2003, Harare, yeye na Andy Flower, mzungu, wakaingia uwanjani na vitambaa vyeusi mkononi, wakiomboleza kifo cha demokrasia kwao. Waziri akamkejeli Olonga eti ni mweusi aliyevaa kinyago cheupe. Akaishia uhamishoni Uingereza.

2004 nahodha Heath Streak akaondolewa, wazungu 15 wakagoma. 2006 hadi 2011, Zimbabwe haikucheza mechi za siku tano.

Wasee, vijana weusi walistahili nafasi, hiyo sibishani. Lakini ukiona serikali inaimba rangi halafu inamfukuza mweusi wa kwanza kwa kusema ukweli, jua shida haikuwa rangi. Ni kiti.

Wewe ungekivaa hicho kitambaa?