Macho ya mama mudogo na wale hamsini wa Sierra Leone

Wenzangu wa kikundi, wiki iliyopita mlibishana sana juu ya utafiti wa madaktari: kama unatusaidia sisi, ao wanakuja kutujaribia dawa tu na kuondoka. Nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu na linamhusu mtu. Nimemuomba ruhusa, amekubali niandike bila jina lake. Nitamwita mama mudogo tu, maana ni mdogo wake mama, na njo vile tunamwita nyumbani.

Mama mudogo ni mshindi wa Ebola. Mliotoka Beni, Butembo ao Mangina mnajua neno hilo, kwetu tulisema vainqueur. Ebola yetu ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikaisha Juni 2020, watu 2,287 wamekufa. Yeye alilazwa 2019, akatoka na cheti kinachosema amepona. Kisha akapata kazi ya kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo cha matibabu, kwa sababu aliyepona aliweza kuwabeba bila woga. Watoto wangapi walilala kifuani mwake, hata yeye hajui. Baadaye vita vilitufikia, tukavuka Kasindi kuingia Mpondwe, na cheti kikavuka naye kimekunjwa ndani ya Biblia.

Jicho la kushoto lilianza kumsumbua kabla hatujavuka. Likawa jekundu, jua linamchoma, kichwa kinauma upande mmoja. Huku Uganda wekundu ulipungua lakini ukungu ukaongezeka, na jicho la kulia likaanza kufuata. Siku hizi akimimina chai anaweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi. Mimi sipendi kuangalia.

Sasa ndugu zangu, shida haikuwa jicho peke yake. Mwaka 2022 Ebola ilipotokea Mubende, kuna majirani waliosema inamkalia machoni. (Ile ya Mubende ilikuwa aina ya Sudan, yetu ya Beni ni aina ya Zaire. Lakini nani atasikiliza hayo kwenye foleni ya maji?) Tulienda kituo kimoja cha afya. Muuguzi aliposikia neno Ebola alisogeza kiti nyuma, akatuambia turudi siku ingine. Hakusema siku gani.

Halafu likaja tangazo: madaktari wa macho wanakuja kupasua mtoto wa jicho bure, siku tatu. Mama mudogo akafurahi, kisha akaniita pembeni.

"Unipeleke, lakini usiseme kitu juu ya Ebola. Bakijua, batanifukuza."

Mimi njo mtafsiri wake, yeye hajui Kiingereza wala Runyankole. Yaani nilikuwa nimeombwa nifiche. Kabla sijamjibu, nilinunua bando nikasoma usiku mbili.

Nilianza na kisa cha Ian Crozier, daktari Mmarekani aliyeambukizwa Ebola Sierra Leone mwaka 2014. Alitibiwa Atlanta, akapona, damu ikawa safi. Baada ya kama miezi miwili jicho lake likavimba kwa ndani, hata rangi ikageuka kutoka bluu kuwa kijani. Walipochoma sindano wakatoa maji ya ndani ya jicho, wakakuta virusi bado vinaishi mule. Kumbe majirani hawakutunga kila kitu! Lakini soma mpaka mwisho: machozi yake na ngozi ya juu ya jicho vilipimwa, havikuwa na virusi. Kwa hiyo kumsalimia ao kula naye hakukuwa na hatari. Ndani ya jicho kinga ya mwili inafanya kazi kwa kujizuia, kwa sababu ikipigana kwa nguvu zote inaharibu jicho lenyewe, na virusi vinapata pa kujificha. Crozier alitibiwa, akaona tena.

Mtu mmoja ni kisa tu. Liberia walifanya hesabu kubwa: waliopona 966, pamoja na watu 2,350 waliokuwa karibu na wagonjwa lakini hawakuugua. Uvimbe wa ndani ya jicho, uveitisi, walikuta kwa asilimia 26.4 ya waliopona, na kwa asilimia 12.1 ya wale wengine. Hicho kikundi cha pili njo kilinifungua akili. Bila hao ungesema kila jicho bovu ni la Ebola. Pamoja nao unaona kwamba macho mabaya yako kwa watu wote, ila kwa waliopona ni zaidi ya mara mbili.

Uvimbe ukikaa muda mrefu, lenzi inageuka nyeupe, mtoto wa jicho. Hapo njo Sierra Leone. Madaktari wa kule, pamoja na Jessica Shantha na Steven Yeh kutoka Marekani, walichukua washindi 50, wakavaa nguo za kujikinga, wakatoa maji kidogo kutoka jicho la kila mmoja na kuyapima. Hawakukuta virusi hata kwa mmoja. Kisha 34 wakapasuliwa. Wengi walikuwa wanaona mkono ukipungwa mbele ya uso, basi. Baada ya miezi mitatu walikuwa wanasoma karibu mistari yote ya ile karatasi ya herufi ukutani.

Mimi nasema hivi: hamsini ni wachache, na walipimwa muda mrefu baada ya kupona. Haiwezi kumwambia mama mudogo kwamba jicho lake ni safi. Lakini inamwambia daktari kwamba kuna njia, pima kwanza kisha pasua, na kwamba kumfukuza si lazima.

Pia nilielewa kwa nini kuficha ni vibaya kwake yeye mwenyewe. Mtoto wa jicho wa uzee unapasuliwa hata kesho. Ule uliotoka kwenye uvimbe unangojewa mpaka jicho litulie, kwa kawaida miezi kama mitatu, la sivyo uvimbe unarudi na jicho linaweza kufa kabisa. Daktari asiyejua atapasua tu.

Nilimsomea yote, namba kwa namba. Alinyamaza, halafu akasema, "Basi nitasema miye mwenyewe." Na kweli, alipokaa mbele ya daktari alitoa cheti ndani ya Biblia, akakiweka mezani. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri tarehe.

Daktari hakusogeza kiti. Aliuliza mwaka, akavaa glovu na kinga ya uso, akamulika macho yote mawili. Akasema uvimbe bado upo, mboni imegandana na lenzi, leo hapasui. Alimpa matone ya kutuliza uvimbe na mengine ya kufungua mboni, akatuonya tusinunue matone ya ziada dukani, kwa sababu yale ya steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho kimya kimya. Akaandika barua ya hospitali ya rufaa, kuuliza kama maji ya jicho yanaweza kupimwa.

Mama mudogo alikasirika. Wengine walirudi na bandeji na kesho yake wanataja rangi za nguo, yeye karudi na chupa mbili. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu akauliza:

"Bale hamsini, kuko mumoja alirudia giza?"

Nikamwambia karatasi niliyosoma ilipima mpaka miezi mitatu.

"Basi babaulize tena."

Simu yangu inalia mara nne kwa siku kwa ajili ya matone. Tunarudi mjini tarehe 14 kupima presha, nauli tunayo ya kwenda, ya kurudi bado. Kama kuna mshindi huko Nakivale, Kyangwali ao Rwamwanja ambaye macho yanamsumbua, aniandikie inbox, na cheti chake asikitupe.