Si Kila Homa ya Ziwani ni Malaria

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga. Sikujua kwamba methali hiyo yaweza kueleza ugonjwa, hadi ulipomshika dada yangu mkubwa, mshonaji wa nguo katika soko la Kibuye, mjini Kisumu.

Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, mtu akilalamikia homa, uchovu na maumivu ya viungo, jibu huwa tayari: malaria. Si ajabu, kwani mbu wametuzunguka. Kati ya Aprili na Julai mwaka wa 2021, zahanati moja ya mtaani ilimtibu dada malaria mara tatu. Homa ilitulia lakini vidole vikazidi kuvimba. Majirani walisema ni uzee, ilhali alikuwa na miaka 36. Shangazi yetu naye alinong'ona kwamba ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa.

Daktari wa hospitali kuu ya rufaa, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia, alianza kwa swali moja: asubuhi viungo hukakamaa kwa muda gani? Mwenye magoti yaliyochakaa huumia zaidi akitembea, na akipumzika hupata nafuu. Dada alikuwa kinyume. Aliamka mikono yote miwili imekaza, asiweze kufunga vifungo vya blauzi wala kuinua sufuria ya chai, mpaka saa nne. Daktari alibonyeza vifundo kimoja kimoja, akaagiza damu ipimwe na mikono ipigwe picha. Alitwambia kipimo cha damu pekee hakitoshi, kwa sababu hata malaria yaweza kukipotosha.

Kumbe ilikuwa baridi yabisi ya aina ambayo askari wa mwili huacha kupigana na vijidudu, wakashambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Ndugu yake ni lupasi, ambayo huweza kufika hadi kwenye figo. Maradhi haya hayaambukizi, na wanawake ndio huugua zaidi.

Alipoandikiwa haidroksiklorokwini, mama alishtuka. "Daktari, si hiyo ndiyo iliyokuwa ikituwasha mwili mzima?" Daktari alicheka. Hiyo ni jamaa ya klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka wa 1998. Hapa kazi yake ni kuwatuliza askari walioasi, na atumiaye kwa miaka hupimwa macho.

Dawa ya pili, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa wiki. Kuimeza kila siku kwaweza kuua, na mja mzito haruhusiwi kabisa. Jihadhari pia na prednisoloni ya kujinunulia dukani. Huondoa maumivu upesi, lakini ikizoeleka hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari, na kuiacha ghafla ni hatari.

Leo dada anashona, na karo ya watoto inalipwa. Vidole viwili vilivyopinda kabla ya matibabu havitanyooka tena, kwa maana dawa huokoa kiungo kilicho kizima, haifufui kilichoharibika. Kwa hiyo, msomaji, viungo vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, usiridhike na vidonge vya malaria. Mwombe daktari aitazame mikono yako.